Unahamisha draiva ya orodha ya wafanyakazi? Anza kwa kuhesabu watu

Kila mwaka kuna wateja wetu wachache wa biashara wanaotupigia simu wakiwa na barua mkononi. Barua inatoka kwa kampuni iliyowauzia mfumo wa wafanyakazi, na inasema draiva ya zamani inayounganisha mfumo huo na mifumo mingine itaacha kutumika tarehe fulani, kwa hivyo wahamie ile mpya. Fundi wa kompyuta ameshaiangalia na kusema ni kazi ya jioni moja. Mhasibu ana swali moja tu: "Mishahara ya mwisho wa mwezi itaguswa?"

Inaweza kuguswa. Na mara nyingi wanaoumia si wale wenye ofisi.

Tuna mteja mmoja hapa Kakamega mjini, hatutamtaja, aliyehamisha draiva usiku wa tarehe 27. Asubuhi kila kitu kilionekana sawa. Wakubwa walifungua barua pepe zao, wakaingia kwenye mfumo, wakampongeza fundi. Tarehe 30 mishahara ikatoka. Kufika saa nane mchana, walinzi wa usiku, wapishi na mama mmoja wa usafi walikuwa wamesimama mlangoni mwa mhasibu wakiuliza mbona simu zao ziko kimya. Watu kumi na mmoja. Draiva mpya ilikuwa inatambua watu kwa anwani ya barua pepe, na hao kumi na mmoja hawakuwa na barua pepe ya kazi. Haikuwaona, ikachukulia wameacha kazi, ikafunga akaunti zao za malipo. Walilipwa siku nne baadaye, na mwenye nyumba kule Amalemba haelewi maneno ya draiva.

Sisi pia tulikuwa na sehemu yetu ya lawama. Lango letu la malipo lilipokea amri ya kufunga akaunti kumi na moja kwa mpigo bila kuuliza mtu yeyote. Siku hizi linauliza.

Makala hii ni ya mhasibu, afisa wa wafanyakazi na fundi wa kompyuta, wakae pamoja waisome kabla ya kazi hiyo ya jioni moja.

Draiva yenyewe ni nini

Hatuongelei dereva wa matatu. Draiva hapa ni programu ndogo inayokaa katikati ya mifumo miwili na kuhakikisha orodha ya watu iko sawa pande zote mbili. Umeajiri mwalimu mpya, umemwandika kwenye mfumo wa wafanyakazi. Draiva inaona badiliko hilo, inamfungulia akaunti ya barua pepe, inamwongeza kwenye orodha ya kulipwa katika lango letu. Akiacha kazi, inamwondoa kote. Hii ndiyo inaitwa kusawazisha utambulisho, na ni jambo zuri sana, kwa sababu bila hiyo mhasibu hunakili majina kwa mkono kila mwezi na kila mwezi kuna jina linaloachwa.

Fikiria karani anayetembea kati ya ofisi mbili kila nusu saa akibeba habari. Ofisi ya kwanza inamwita mtu "Nekesa Grace W.", ya pili inamwita "Grace Nekesa". Karani wa zamani anajua ni mtu mmoja, kwa sababu siku ya kwanza alipowalinganisha aliandika kwenye daftari lake: huyu wa hapa ndiye yule wa pale. Tangu hapo hahitaji tena kuangalia jina. Grace anaweza kuolewa na kubadilisha jina, karani bado anamjua kupitia daftari.

Sasa umemfuta karani na kuleta mpya. Karani mpya ni mwepesi zaidi na ana adabu, lakini hana lile daftari. Inabidi alinganishe watu wote upya kwa kutumia kitu fulani anachokiona pande zote mbili. Akikosea hapo kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. Atashindwa kumwona mtu aliyepo, kama wale kumi na mmoja. Atamfungulia mtu akaunti ya pili, na mtu mmoja awe na mistari miwili kwenye orodha ya mishahara. Au, mbaya kuliko yote, ataunganisha watu wawili tofauti na mshahara wa mmoja uende kwa mwingine.

Kwa hivyo mkiketi kupanga uhamisho, msianze na tarehe wala bei. Anzeni na swali la karani mpya: atawatambua watu kwa nini?

Ufunguo wa kumtambua mtu

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo uhamisho mwingi unaharibikia.

Barua pepe tumeshaiona. Inafaa kwa kampuni ambayo kila mtu anakaa mbele ya kompyuta. Kwa shule ya bweni ya Shinyalu au kiwanda cha Mumias, itaacha nje wale wale ambao mshahara ukichelewa siku mbili hawana pa kukopa. Tena kuna ofisi ambapo watu watatu wanatumia anwani moja ya "info".

Nambari ya simu inavutia, hasa kwa kampuni kama yetu inayotuma pesa kwa simu. Lakini nambari ya simu ni mahali pesa zinapokwenda, haimtambulishi mtu. Watu hubadilisha laini. Mume na mke wanaofanya kazi pamoja wakati mwingine wameandikisha nambari moja. Kampuni za simu hugawa upya nambari zilizokaa muda mrefu bila kutumika, na aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita anaweza kuwa na nambari ambayo leo ni ya mtu mgeni kabisa. Halafu kuna fujo ya uandishi: mfumo mmoja unaandika 0712, mwingine 254712, wa tatu +254 712 na nafasi katikati. Tangu 2019 kuna nambari zinazoanza na 01 pia, na tumeona programu za zamani zinazokataa kitu chochote kisichoanza na 07. Ukiipitisha orodha kwenye Excel, sifuri ya mwanzo inaliwa kwa sababu Excel inadhani ni hesabu, na nambari ndefu inageuka kuwa 2.54712E+11. Hiyo si nambari ya mtu yeyote.

Kitambulisho cha taifa ni bora zaidi. Shida yake ni ndogo ila ipo: mwalimu kutoka Uganda anatumia pasipoti, na pasipoti ikiisha muda mpya inakuja na namba nyingine. Pia kitambulisho ni habari nyeti ya mtu, si vizuri kisambae kwenye kila mfumo mlio nao ati kwa sababu draiva inakitaka.

Kuna taasisi zilizowahi kutumia nambari ya NHIF kama ufunguo, kwa sababu karibu kila mwajiriwa alikuwa nayo na ilikaa tayari kwenye safu ya makato. Ilifanya kazi vizuri miaka mingi. Kisha tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, SHA ikaingia, na watu wote wakaambiwa wajisajili upya. Makato yakawa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na ile safu ya nambari za NHIF ikabaki jina tu. Aliyeajiriwa Novemba 2024 hakuwa nayo kamwe. Ndiyo maana tunawaambia wateja wasijenge ufunguo wao juu ya namba inayotolewa na ofisi nyingine. Ofisi hiyo ikivunjwa, ufunguo unavunjika nayo, na hamtaulizwa.

Kinachobaki ni namba ya mfanyakazi, ile mnayoitoa nyinyi wenyewe. Hiyo ndiyo tunapendekeza, kwa masharti mawili. Isipewe mtu mwingine kamwe, hata mwenyewe akifariki au akistaafu. Na mtu akirudi kazini arudi na namba yake ile ile. Sharti la pili linasumbua sana huku kwetu, kwa sababu ya vibarua. Kibarua wa kukata miwa anaitwa msimu huu, anaachishwa, anaitwa tena baada ya miezi mitano, na kila akirudi anapewa namba mpya. Kwenye mfumo ni watu wanne. Shambani ni mmoja. Draiva ya zamani ilikuwa imewazoea hao wanne kwa sababu kuna mtu aliwahi kuwarekebisha kwa mkono kwenye daftari. Draiva mpya haijui historia hiyo.

Kilichotokea 2013

Mfano wa kuunganisha orodha za watu bila ufunguo mmoja tunao hapa hapa nyumbani. Kaunti ya Kakamega, kama zile nyingine 46, ilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Haikuanza na karatasi tupu. Serikali za kaunti zilirithi watumishi wa halmashauri za zamani, manispaa na mabaraza, pamoja na watumishi wa kazi zilizogatuliwa kama afya na kilimo. Wa serikali kuu walikuwa kwenye mfumo wa mishahara unaoitwa IPPD. Halmashauri zilikuwa na vitabu vyao, nyingi zikitumia mfumo wa LAIFOMS. Namba ya mtumishi upande mmoja haikumaanisha kitu upande wa pili.

Huwezi kuwalinganisha watu wa aina hiyo kwa kompyuta peke yake. Ndiyo maana mwaka 2014 serikali iliwaita watumishi wa umma nchi nzima wajitokeze wenyewe waandikishwe kwa alama za vidole, huku kila gazeti likiongea kuhusu wafanyakazi hewa. Watu walipanga foleni na vyeti vyao mikononi. Wengi waliona ni usumbufu, na kwa kweli ulikuwa usumbufu, lakini orodha zinapogombana hakuna njia nyingine ya kujua nani yupo zaidi ya kumwona.

Nyinyi si serikali ya kaunti. Mna watu 180, pengine 400. Fanyeni hesabu yenu ndogo. Chagueni siku mbili ambazo zamu zote zinapatikana, usiku pia, chapisheni orodha ya mfumo wa wafanyakazi na orodha ya lango la malipo, na kila mtu apite na kitambulisho aangalie mstari wake. Jina, namba ya mfanyakazi, nambari ya simu ya kupokea mshahara, hali yake ya kazi. Msimamizi wa zamu atie sahihi. Mtagundua vitu vya ajabu: mpishi ambaye mfumo unasema alistaafu, mlinzi mwenye namba mbili, na jina ambalo hakuna mtu anayelijua. Hilo la mwisho mlipe muda wenu wote kabla ya kwenda mbele.

Rekebisheni makosa hayo kwenye mfumo wa zamani, draiva ya zamani ikiwa bado inafanya kazi. Usihamishe uchafu ukitumaini nyumba mpya itaufagia.

Nani mwenye nambari ya simu?

Swali hili mafundi hulipita haraka, ila sisi tunaoshughulika na pesa hatuwezi.

Kila safu kwenye orodha inahitaji mwenyewe mmoja. Jina na cheo, mwenyewe ni mfumo wa wafanyakazi. Nambari ya kupokea mshahara je? Kuna wateja ambao afisa wa wafanyakazi ndiye anaibadilisha, na kuna ambao mfanyakazi anaibadilisha mwenyewe kwenye lango letu. Yote mawili yanakubalika. Kisichokubalika ni yote mawili kwa pamoja, draiva ikipeleka pande zote mbili. Mfanyakazi anabadilisha saa tatu, draiva inarudisha ile ya zamani saa tatu na nusu, anabadilisha tena, inarudisha tena. Ukiwasha draiva mbili kwa wakati mmoja, ya zamani na mpya, mchezo huo unakuwa wa watu wawili na hakuna anayejua ni nani amerudisha nini.

Kuna hatari nyingine hapo. Mtu mwenye nia mbaya ofisini hahitaji kuvunja mfumo wa malipo. Anahitaji kubadilisha nambari tano za simu kwenye mfumo wa wafanyakazi siku moja kabla ya mshahara, na draiva yenyewe itamfanyia kazi iliyobaki. Wakati wa uhamisho ndio wakati mzuri wa kufanya hivyo, maana mambo mengi yanabadilika pamoja na kila mtu amechoka. Kwa hivyo tunashauri, na kwenye lango letu unaweza kuiweka leo: badiliko lolote la nambari ya kupokelea pesa lisubiri kibali cha mtu wa pili, na mtu huyo asiwe yule aliyelibadilisha. Kama draiva mpya haiwezi kuheshimu hilo, basi isiguse safu hiyo kabisa.

Iendeshe ikiwa bubu kwanza

Draiva nzuri ina hali ya majaribio: inasoma pande zote mbili, inalinganisha, inaandika ingefanya nini, lakini haigusi chochote. Karani anatembea na daftari jipya bila kubeba barua. Kwa mfano, Microsoft Entra Connect, iliyokuwa ikiitwa Azure AD Connect na inayotumiwa na taasisi nyingi zenye Active Directory, inayo hali kama hiyo.

Tumeitaja Microsoft kwa sababu zile barua tulizoanza nazo nyingi zinatokana na hadithi ya aina hii. Draiva yao ya mwanzo, DirSync, ilisitishiwa msaada tarehe 13 Aprili 2017, na baada ya tarehe 31 Desemba mwaka huo ikakataliwa kabisa kuunganishwa. Iliyofuata, matoleo yake ya kwanza nayo yakaondolewa tarehe 31 Agosti 2022. Ukisoma tarehe hizo unaona kwamba draiva si jengo, ni kama leseni ya kaunti: kuna siku utairudia. Panga uhamisho huu ukijua kuna mwingine baada yake, na hifadhi karatasi zake.

Acheni draiva mpya iwe bubu kwa mzunguko mmoja mzima wa mshahara. Kila asubuhi mtu mmoja asome orodha ya vitu ambavyo ingefanya. "Ningeongeza watu 3": sawa, walimu watatu wameajiriwa. "Ningefuta watu 14": simama. Chukua majina hayo kumi na manne, yaweke kando ya ile orodha mliyohesabu kwa macho, uliza moja moja. Mpaka siku ambayo kila "ningefuta" ina sababu inayoweza kuelezwa na mtu wa kawaida, isiwashwe.

Na hapa kuna mtego tunaupenda kuutaja kwa sababu haumo kwenye barua za wauzaji. Draiva nyingi zina kizuizi cha kufuta watu wengi kwa bahati mbaya. Entra Connect ina kizuizi hicho tayari, kimewekwa kwenye 500: ikitaka kufuta zaidi ya vitu 500 kwa mpigo, inasimama na kusubiri. Fundi anakuambia usijali, kuna kinga. Lakini wewe una wafanyakazi 180. Inaweza kuwafuta wote, pamoja na mkurugenzi, na kizuizi kisistuke. Kishushe. Kwa taasisi ya watu 180 tungeweka 5, hata 3. Itasimama mara nyingi bila sababu kubwa, na hiyo ni bei nafuu.

Wakati wa kuwasha, zimeni kabisa uwezo wake wa kufuta na kufunga akaunti. Iongeze, irekebishe, lakini isiondoe. Walioacha kazi mwezi huo waondolewe kwa mkono na mtu mwenye jina, siku ile ile wanapoondoka, maana aliyekuwa na ruhusa ya kuidhinisha malipo hafai kubaki nayo hata wiki moja. Baada ya mishahara miwili kupita salama ndipo muirudishie draiva panga lake.

Tarehe

Usiku wa tarehe 27 umeshausikia. Dirisha letu ni kati ya tarehe 10 na 20. Kabla ya hapo kodi ya mishahara, SHIF na NSSF vinatakiwa viwe vimelipwa kufikia tarehe 9, na hutaki mhasibu atafute orodha ya mwezi uliopita katikati ya uhamisho. Baada ya 20, wengi wanaanza kuandaa mishahara na malipo ya mapema. Kwa shule, epuka wiki ya kufungua. Chagua siku ya kazi asubuhi badala ya Jumapili usiku. Tunajua mafundi wanapenda usiku, lakini usiku hakuna wa kumuuliza "huyu Wanjala ni yupi?", na stima ikipotea saa saba usiku hakuna wa kuwasha jenereta. Draiva inayokatika katikati ya kazi ya kwanza ni kazi mara mbili.

Hamisheni kwa mafungu ikiwezekana. Idara moja yenye watu ishirini, halafu nyingine. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake, zaidi ya milioni 5, kwenda mfumo mpya wikendi moja ya Aprili 2018. Data yenyewe ilifika salama. Mfumo ulioipokea ndio ulianguka, na wateja wanaofikia milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi wa fedha wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65. Uchunguzi huru ulilaumu uamuzi wa kuhamisha karibu kila kitu kwa pigo moja na majaribio yasiyotosha. Ile ilikuwa benki yenye fundi wa kila aina. Fungu la kwanza lenu liwe na watu wa kila namna, asiye na barua pepe awemo, mwenye pasipoti awemo, kibarua awemo. Msiweke ofisi ya wahasibu peke yake kwa sababu ndio wavumilivu.

Kabla ya fungu hilo, andikeni kwenye karatasi mtarudi vipi nyuma. Nakala ya orodha zote mbili ya asubuhi hiyo, iliyohifadhiwa mahali ambapo draiva haifiki. Nani ana mamlaka ya kusema "turudi", na hadi saa ngapi. Tumeona timu nzima ikijua saa tano asubuhi kwamba mambo yameharibika, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, mpaka saa kumi.

Jambo la sheria, kwa kifupi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu pia kwenye majaribio. Msimpe mwuzaji wa draiva faili lenye vitambulisho na mishahara ya watu kwenye WhatsApp ati "ajaribu tu". Mfanyieni orodha ya majina ya kubuni. Habari za watu zikivuja na kuna hatari ya kweli kwao, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Na waambieni wafanyakazi. M-Pesa ilipohamishiwa mitambo yake Kenya kutoka Ujerumani Aprili 2015, wateja walitangaziwa mapema kwamba huduma itakatika kwa muda. Kwenu inatosha tangazo moja kwenye ubao wa jikoni na moja kwenye geti: tunabadilisha mfumo tarehe hii, mshahara uko pale pale, ukiona ujumbe wowote unaokuomba PIN yako, si sisi. Matapeli wanasoma matangazo pia, kwa hivyo hilo la PIN liandikwe kwa herufi kubwa. Wekeni jina la mtu mmoja wa kuulizwa, na mtu huyo awe anapatikana hadi saa tatu usiku ya siku ya mshahara, wakati walinzi wanaingia zamu.

Draiva ya zamani msiiondoe siku ile ile. Izimeni, iacheni ilale pale ilipo hadi mishahara miwili ipite. Halafu ondoeni programu yenyewe, na mfute akaunti na nenosiri ililokuwa ikitumia kuingia kwenye lango la malipo. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika kuliko zote. Ukitaka kujua kama kuna akaunti ya aina hiyo bado iko hai upande wetu, ingia kwenye lango kama msimamizi, fungua orodha ya watumiaji, na uangalie ni lini kila mmoja aliingia mara ya mwisho.